Nzuri, Ila

Manundu, Korogwe
6 Juni 1994

Mzee wangu Muhidini,

Shikamoo. Natumaini lori halikukuvunja mgongo na watu wa Kwedigongo wamewapokea vizuri. Sisi huku Manundu hatujambo. Wanangu wanauliza babu wa visima atarudi lini, nimewaambia akipata maji.

Mzee, kazi ya namna hii sijaizoea. Miaka kumi na moja kule idara ya maji mimi nilikuwa karani wa stoo na wewe msimamizi, na kila asubuhi tuliwaona watu wetu uso kwa uso kabla hawajapanda gari. Tangu tupunguzwe kazini mwaka jana, nami nikajitia kufungua kampuni kwa kuwa siku hizi kila kitu ni ruksa, nimegundua kwamba kuongoza watu usiowaona ni kama kupika umefungwa kitambaa machoni. Unanusa tu. Basi pua yangu huko ni wewe.

Nakukumbusha tulichosaini. Wafadhili wanataka visima vitatu huko nyika ya Handeni kabla Agosti haijaisha. Wakiridhika watatupa vingine kumi, na kampuni itakuwa imesimama. Wasiporidhika, mimi nitauza vitenge na wewe utarudi kwenye mahindi yako. Hapo unaye Sadala wa kushuka chini, Filemoni wa kapi na pampu, na huyo binti Yuditha mliyempata huko huko kwa ajili ya chakula. Simeo nimembakiza hapa karakana. Ni wachache, lakini ndio wote nilio nao.

Grasiana, karani wangu, anamsalimu mumewe Sadala. Hajambo, ila mimba imefika mwezi wa sita na miguu inamvimba, na baada ya ile iliyoharibika mwaka juzi anaogopa hata kuinua ndoo. Mwambie Sadala asiwe na wasiwasi. Nimemkalisha mezani na kazi ya kuchapa tu.

Niandikie kila wiki. Kondakta wa basi la Handeni amekubali kuchukua barua zetu, na huko kwenu nasikia kuna kijana mwenye baiskeli.

Mwanao,
Rukaya Mhina


Kwedigongo
11 Juni 1994

Mwanangu Rukaya,

Marahaba, marahaba sana. Barua yako imenifikia salama, haikulowa wala haikuchanika, ila inanuka samaki. Nadhani kondakta aliisafirisha na kitoweo chake. Sisi wote hatujambo. Mgongo wangu haujambo. Miaka yangu sitini na miwili nayo haijambo, bado inanifuata kila ninakokwenda.

Huku tumepokewa. Mwenye eneo tunalochimba ni mzee Koisaba, mfugaji, mjomba wake Yuditha. Siku ya kwanza alisimama na fimbo yake akatutazama mpaka jua likapanda, kisha akauliza kwa nini tunachimba hapa na siyo kule bondeni. Nikamwambia wafadhili wamepima. Akasema sawa, ng'ombe wake hawajasoma, watakunywa popote. Tangu hapo tumekuwa marafiki. Yuditha anapika vizuri, ila chumvi anaionea huruma. Filemoni hajambo, ila anaimba kutwa nzima. Sadala hajambo, ila vumbi limempa mafua. Anamsalimu mkewe na anasema akae hivyo hivyo mezani.

Hapa kambini ameingia mbuzi mmoja wa jirani, jike, ambaye ameamua sisi ndio ukoo wake. Amekula kofia ya Filemoni na nusu ya sabuni. Tukimfukuza anarudi. Mzee Koisaba anasema mbuzi akikuchagua umepata ndugu, kwa hiyo tunamvumilia.

Kisima nacho hakijambo. Tumefika futi kumi na moja, udongo mwekundu, unasimama wenyewe bila kushikiliwa. Ila ardhi ya huku ina maneno mawili. Mzee Koisaba anasema chini ya udongo huu kuna mchanga, nami nikiuonja huu unaopanda na ndoo naona hasemi uongo. Tukiufikia nitakuarifu, utuletee kalibu ya chuma na saruji tumimine ringi za zege, maana mchanga haukai peke yake, unamfunika mtu. Bado hatujafika huko. Nakutajia tu.

Usiucheke mwandiko. Nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na mwalimu wangu alikuwa mdogo kuliko mwanangu wa kwanza.

Ni mimi baba yako wa kazini,
Muhidini Mntangi


Manundu, Korogwe
27 Juni 1994

KWA: MSIMAMIZI, KISIMA NA. 1
YAH: UTARATIBU MPYA WA TAARIFA

Ndugu Msimamizi,

Nimerudi juzi kutoka semina ya siku nne Tanga, iliyohusu menejimenti ya wafanyakazi walio mbali na ofisi. Tumefundishwa mengi. Kubwa ni kwamba siku hizi za soko huria muda ni mali, na kiongozi hawezi kusoma hadithi nzima ili apate tarakimu moja. Barua yako ya tarehe 11 ina kurasa nne. Niliipitia mara mbili nikitafuta kina cha kisima, nikakikuta nyuma ya mbuzi.

Kuanzia sasa hakuna barua. Naambatanisha fomu arobaini alizochapa Grasiana. Kila Jumamosi jaza moja: kina cha kisima, hali ya kazi, hali ya wafanyakazi. Kwenye hali utaweka alama ya vema penye Nzuri au penye Mbaya. Salamu zisiandikwe, wala maelezo, wala kitu chochote nyuma ya karatasi.

Bahasha zote ziandikwe Ofisi. Grasiana atazifungua na kuweka fomu kwenye jalada, ili hata nikisafiri kazi isisimame.

Ahsante kwa ushirikiano.

R. Mhina
Meneja


KISIMA NA. 1, KWEDIGONGO
Jumamosi, 2 Julai 1994
Kina: futi 24
Hali ya kazi: Nzuri
Hali ya wafanyakazi: Nzuri
Sahihi: M. Mntangi


KISIMA NA. 1, KWEDIGONGO
Jumamosi, 9 Julai 1994
Kina: futi 17
Hali ya kazi: Nzuri
Hali ya wafanyakazi: Nzuri
Sahihi: M. Mntangi


KISIMA NA. 1, KWEDIGONGO
Jumamosi, 16 Julai 1994
Kina: futi 19
Hali ya kazi: Nzuri
Hali ya wafanyakazi: Nzuri
Sahihi: M. Mntangi


KISIMA NA. 1, KWEDIGONGO
Jumamosi, 23 Julai 1994
Kina: futi 18
Hali ya kazi: Nzuri
Hali ya wafanyakazi: Nzuri
Sahihi: M. Mntangi


Manundu, Korogwe
26 Julai 1994

Ndugu Msimamizi,

Nimekaa na fomu zako nne mbele yangu. Tarehe 2 kisima kilikuwa na futi ishirini na nne. Tarehe 9 kina kumi na saba. Kisha kumi na tisa, kisha kumi na nane. Nimefanya kazi ya maji miaka kumi na moja na sijapata kuona kisima kinachopanda juu. Ama hujui kupima, jambo ambalo siliamini, ama watu wako wamelala na wewe unaandika namba yoyote inayokujia Jumamosi.

Kila mahali umeweka vema penye Nzuri. Kama kazi ni nzuri na watu ni wazima, maji yako wapi? Wafadhili wanakuja kukagua mwisho wa Agosti. Kisima kimoja hakijaisha na viwili havijaanza. Nilikupa kazi hii nikikutegemea kuliko mtu yeyote, na ndiyo maana inaniuma.

Nakupa wiki moja. Namba zisipobadilika nitamtuma Simeo achukue usimamizi.

R. Mhina
Meneja


Kwedigongo
30 Julai 1994

Ndugu Meneja,

Barua yako nimeipata. Salamu ulizikataza, kwa hiyo siandiki.

Naomba kuacha kazi kisima hiki kikiisha. Siachi kabla, kwa sababu shimo nimelifungua mimi, mdomo wake uko wazi na hapa wanapita watoto na ng'ombe. Simeo akija nitamkabidhi kamba mbili, kapi, sururu mbili na ndoo tatu. Fomu zilizobaki ni thelathini na sita, nazirudisha. Hazijaandikwa kitu.

Ya leo ni hii. Kina: futi 19. Hali: Nzuri.

M. Mntangi


Kwedigongo
30 Julai 1994
MKONONI MWA MAMA RUKAYA MWENYEWE

Mama Rukaya,

Shikamoo. Hatujaonana, mimi ni Yuditha ninayewapikia mafundi wako. Habari za Korogwe, habari za watoto, habari za kazi? Sisi huku hatujambo, Mungu anatuweka. Mimi sikupewa fomu, kwa hiyo nimeona sikukatazwa kuandika. Barua hii nampa mjomba Koisaba, anakuja Korogwe kumwona daktari wa macho. Nimemwambia asimpe mtu mwingine hata akiombwa vizuri.

Mama, sisi hatujambo, ila Sadala amevunjika mguu.

Ilikuwa Alhamisi tarehe 7, mchana. Walikuwa wameingia kwenye mchanga siku mbili kabla. Sadala alikuwa chini, mimi nasonga ugali, nikasikia Filemoni ameacha kuimba. Ukuta wa shimo ulikuwa umeporomoka, Sadala amefunikwa mpaka kifuani na anapumua kwa shida. Mzee Muhidini alijifunga kamba akashuka kabla hatujamzuia. Kaka yangu Lengai akashuka nyuma yake na sufuria yangu ya ugali, ndiyo waliyofukulia, kwa sababu koleo lingemkata. Walimtoa jua likiwa linazama. Mfupa wa chini ya goti ulikuwa umevunjika. Tulimbeba kwa kitanda mpaka mnadani, akapata gari la Handeni, wakamfunga plasta. Sasa amelala nyumbani kwa mama yangu. Anakula, anacheka, ila usiku analia.

Tangu siku ile Mzee Muhidini amekataa mtu yeyote asishuke. Filemoni aliomba, akamwambia wewe ni mtoto wa pekee wa mama yako, kaa kwenye kapi. Anashuka yeye mwenyewe, Mama, na ile miaka yake. Anachota mchanga kutwa nzima, na asubuhi tunakuta umerudi. Ndiyo maana namba zile zinapanda na kushuka. Jumanne iliyopita ulimshika magotini, tukamvuta. Safari nyingine utamfika shingoni.

Ilipokuja barua yako ya ukali aliisoma mara moja akaikunja. Nikamuuliza, Mzee, kwa nini hukumwandikia ukweli? Akanionyesha fomu. Akasema, "Mwanangu, hapa nimepewa maneno mawili. Tangu lini mtu akaulizwa hali akajibu mbaya? Mtu anasema nzuri, kisha anasema ila. Na hapa ila haina pa kukaa."

Nikamwambia angeweka tu vema penye Mbaya. Akanitazama kama nimetukana. Akasema, "Mbaya ni msiba. Na anayefungua bahasha ni Grasiana. Unataka aone Mbaya kwenye karatasi aliyoichapa mwenyewe, mimba ya pili imtoke mezani?" Sadala naye ametuapisha kwamba mkewe asijue mpaka ajifungue.

Mimi nadhani kuna jambo jingine, ila si langu kulisema. Nitalisema tu. Ile barua ya fomu haikuwa na shikamoo. Aliishika muda mrefu, akaigeuza nyuma kuangalia kama imeandikwa huko.

Mama, mletee vitu anavyohitaji au umwambie aache. Atakusikia wewe peke yako. Mjomba atasubiri majibu.

Mwanao,
Yuditha


Manundu, Korogwe
2 Agosti 1994

Mzee wangu Muhidini,

Shikamoo. Shikamoo. Shikamoo.

Asishuke mtu kisimani. Naandika hili kwanza, ndipo nikuombe radhi. Asishuke mtu, na wewe kuliko wote. Wafadhili wakikasirika watakasirika na mimi.

Barua hii anakuletea Simeo kwa lori, pamoja na kalibu mbili za chuma, mifuko ishirini ya saruji na nondo. Haji kuchukua usimamizi. Anakuja kufanya utakalomwambia. Mimi mwenyewe nafika Jumatatu.

Mzee Koisaba alifika ofisini jana saa nne asubuhi. Grasiana akamwambia ampe barua, akakataa. Akamwambia anipigie simu, akasema hana haja ya simu, ana miguu. Alisimama mlangoni mpaka nilipotoka benki saa nane, akaniuliza jina langu na la baba yangu, ndipo akaitoa. Niliisomea stoo nimefunga mlango, na nikalia, nakwambia wazi.

Kisha nikachukua barua yako ya tarehe 11 Juni. Yote yamo. Mchanga umo, kalibu imo, "unamfunika mtu" imo, kwenye ukurasa wa tatu baada ya mbuzi. Uliniambia kabla, kwa adabu, kama watu wanavyoambiana, nami nikakwambia unaniletea hadithi. Na hata baada ya kukufunga mdomo, kisima kilipungua futi saba kwa wiki moja, namba ikakaa mbele ya macho yangu, na badala ya kuuliza kuna nini nikakutukana. Kule semina tulifundishwa kwamba taarifa fupi huokoa muda. Labda ni kweli kwa watu wengine. Kwetu mtu akikatishwa kabla ya ila hajasema kitu.

Sasa sikiliza habari ya Grasiana, maana ndiyo iliyonipiga kuliko zote. Nilimwambia apumzike nyumbani, kisha alasiri nikatembea mpaka kwake Masuguru kumwambia mwenyewe. Njia nzima napanga maneno. Alikuwa uani anaanua nguo. Aliponiona nimeshika mlango, akakaa chini palepale mchangani, na kanga alizoanua mapajani. Hakulia. Akauliza, "Wanamleta lini?"

Nikamkimbilia nikamshika, nikamwambia yu hai, ni mguu, yu hai, sijui nilisema mara ngapi. Alipopata pumzi aliniambia kwamba amejua tangu fomu ya tarehe 9. Anasema wewe huandika kwa mkono mwepesi, lakini siku ile vema zako zilitoboa karatasi. Akakaa na jambo hilo wiki tatu, anafungua bahasha zako, anaziweka kwenye jalada, ananipa chai, ananyamaza. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Msiba unaletwa na mtu. Kila siku ambayo hakuja mtu, nikajua bado yu hai. Leo umekuja wewe."

Mtoto anacheza tumboni, mkunga amempima leo. Anasema nimwambie Sadala kwamba akimficha tena kitu kama hiki atamvunja mguu wa pili.

Ombi lako la kuacha kazi nimelipokea jana hiyo hiyo, kwa basi. Siwezi kulikataa, wewe ni mtu mzima. Ila nakuomba usubiri nije, uniambie usoni.

Mwanao, kama bado wanikubali,
Rukaya


Kwedigongo
4 Agosti 1994

Mwanangu Rukaya,

Marahaba. Marahaba. Marahaba. Nimezihesabu. Barua ulizoninyima shikamoo ni mbili tu, kwa hiyo moja imezidi, nitaitunza kwa siku utakayokosea tena.

Lori limefika, ila Simeo amepita kwenye kichaka na kioo kimoja hakipo. Saruji ni kavu. Kalibu ni zile za idara, nimeona alama ya sururu niliyoipiga mwenyewe mwaka wa themanini. Sijui umezipataje na siulizi. Jana tumemimina ringi mbili za kwanza, leo mbili nyingine. Mzee Koisaba amerudi anazizungukazunguka, anasema tunajenga kisima juu ili tukizike. Nikamwambia ndivyo ilivyo. Ringi inakaa juu ya mchanga, mtu anachimba ndani yake, nayo inazama yenyewe ikimzunguka. Mchanga ukija unagonga zege.

Hakuna aliyeshuka. Yuditha ameficha kamba, na hataki kusema wapi.

Mwanangu, kosa si lako peke yako, na nisiposema hivi sitalala. Ningeweza kutuma mtu. Lengai ana baiskeli, angefika Korogwe kwa siku mbili. Ningeweza kuandika nyuma ya karatasi, ungenifanya nini? Lakini iliponifikia ile barua iliyoniita Ndugu Msimamizi, mimi niliyekufundisha kutofautisha bomba la inchi moja na la inchi moja na nusu, nilikasirika. Nikasema anataka Nzuri, atapata Nzuri. Nilikutii kwa hasira, nikijua utii huo utakuumiza. Na huku nashuka shimoni kila siku ili siku moja ujue. Huo ni utoto, na nina wajukuu. Sadala nilimwambia hivyo jana, akacheka mpaka plasta ikamuuma. Mjinga yule alishafahamu.

Habari ya Grasiana niliisoma nikavua miwani. Niliona kwamba namkinga, kumbe kila Jumamosi namtumia mshtuko kwa bahasha. Mwambie vema zangu sasa ni nyepesi.

Njoo Jumatatu. Ombi langu la kuacha kazi liko kwako. Mbuzi amekula nakala yangu, kwa hiyo mimi sina ushahidi kwamba niliandika.

Baba yako wa kazini,
Muhidini


Manundu, Korogwe
29 Agosti 1994

Mzee wangu Muhidini,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na leo hatujambo kuliko siku zote. Grasiana amejifungua Ijumaa alfajiri, wa kike, kilo tatu. Sadala alikuwa nje ya wodi na magongo yake, maana tangu niliporudi naye kwa lori hakubali kukaa kitako. Daktari anasema mguu utaunga, ila hatashuka kisimani tena. Nimempa stoo, ile kazi yangu ya zamani. Ananung'unika kwamba stoo haina upepo.

Wafadhili niliwafuata mwenyewe Tanga. Niliwaambia ukweli wote, na mchanga, na mguu. Wametupa mpaka Septemba iishe kwa kisima hicho na cha pili. Cha tatu wamempa mtu mwingine. Vile kumi hawakusema ndiyo wala hapana. Nilitoka pale nikiwa nimeumia, sikufichi, nikakaa kituo cha basi nikahesabu nilichobakiwa nacho, nikaona bado ninyi wote mpo.

Tangu nilipokuja huko nimekuwa nikifikiria ulichoniambia tukiwa tumekaa juu ya ringi. Ulisema hukatai fomu, ulikataa kuulizwa na mtu asiyetaka jibu. Basi nimetengeneza fomu nyingine, nimeichapa mwenyewe kwa vidole viwili, Grasiana akiwa kwenye uzazi. Makosa ya chapa ni yangu. Salamu ziko juu, pana nafasi ya mistari minne. Kina kipo. Hali nimeandika Nzuri tayari, usihangaike kuijaza. Chini yake nimeandika Ila, na karatasi yote iliyobaki ni yake. Isipokutosha, kuna nyuma.

Bahasha ya kazi iandike Ofisi. Ya siri iandike jina langu, na umpe mzee Koisaba.

Mwanao,
Rukaya


KISIMA NA. 1, KWEDIGONGO
Jumamosi, 3 Septemba 1994

Salamu: Marahaba mwanangu. Tumpongeze Grasiana, tumpongeze na Sadala ingawa kazi si yake. Yuditha, Filemoni, Simeo na Lengai wanakusalimu. Mzee Koisaba anauliza mtoto anaitwa nani. Mbuzi yupo.

Kina: futi 33

Hali: Nzuri

Ila: tumelowa.